Mgongo Nisioruhusiwa Kuugusa

Miezi minane baada ya kumzika mume wangu, mama mkwe alinipigia simu kutoka Ikonge, kule Nyamira, akaniambia kwamba mzee halali. Hakumaanisha kwamba analala kidogo. Anazima taa, anakaa kitandani akikohoa kikohozi cha uongo mpaka jogoo awike, kisha anatoka kwenda kwenye majani chai kabla umande haujakauka. Hospitalini Kisii walimpima damu, presha na kila kinachopimika, wakasema ni msongo wa mawazo, wakampa vidonge. Mzee alimeza viwili, vilivyobaki akavifukia shambani.

"Wewe si unatibu watu na hiyo mafuta yako?" mama aliniuliza. "Basi kuja nayo."

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa Voi, na riziki yangu naipata Mombasa, katika hoteli ambako kazi yangu ni kukanda migongo ya wageni kwa mafuta ya kunukia. Wanakuja mabega yamewapanda masikioni, wanaondoka wakipiga miayo. Osoro, mume wangu, alikuwa fundi umeme hapohapo hotelini, na alizoea kunitania kwamba mimi nalipwa kulaza watu wazima mchana. Tuliishi pamoja miaka sita bila kujaliwa mtoto, kisha homa ya uti wa mgongo ikamchukua ndani ya siku nne. Tangu hapo niliendelea kulegeza migongo ya watu huku wangu ukiwa mgumu kama mbao, na hakuna aliyeniuliza. Niliomba ruhusa ya wiki moja, nikafunga chupa tatu ndani ya taulo: lavenda, mlangilangi, na mafuta ya nazi ya kuchanganyia.

Jumatano jioni nilipanda basi la Kisii. Kabla hatujafika Mtito Andei, kizibo cha mlangilangi kilikuwa kimelegea na basi zima linanukia chumba cha bibi harusi. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama naenda kuolewa. Nilimwambia naenda kwa wakwe, mume nimeshamzika. Alinipa nusu ya chungwa lake.

Alhamisi asubuhi, Narok ilikuwa baridi na mimi mtu wa pwani sikuwa na sweta. Tulipita Bomet, tukapita Sotik, vilima vikaanza kusongamana na majani chai yakafika mpaka ukingoni mwa lami. Njia hiyo nilikuwa nimeipita mara moja tu kama mjane, nyuma ya gari lililobeba jeneza, na sikuwa nimeona chochote isipokuwa namba ya gari hilo. Sasa niliona migomba, niliona wanawake wenye vikapu mgongoni, nikaona uchungu kwamba nchi ya mume wangu ni nzuri hivi na yeye hayuko wa kunionyesha. Keroka nilishuka, nikachukua pikipiki hadi Nyamira, na nyingine hadi Ikonge.

Saa sita mchana nilifika bomani. Mama alinikumbatia muda mrefu, akanipeleka kwenye nyumba ndogo ambayo Osoro aliijenga kabla hatujaoana. Alikuwa ameifagia na kuweka maji kwenye mtungi. Kaburi liko nyuma yake, kando ya migomba, na nyasi zilikuwa zimeshaota juu. Mzee alinisalimu kutoka upande wa pili wa ua, macho yake chini, wala hakunipa mkono. Niliona ni ubaridi, na sikushangaa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na kinyongo naye.

Alasiri ile mvua ilianza kunyesha, kama inavyonyesha huko karibu kila siku. Mzee alikuwa sebuleni kwake akinywa chai. Mimi na ujuaji wangu wa hotelini nikaona ndio wakati. Nilitandika shuka juu ya mkeka, nikapasha mafuta ndani ya bakuli la maji moto, nikajipaka viganjani, nikamwambia, kwa sauti ile laini ninayowaambia wageni, avue shati na alale kifudifudi. Mzee aliweka kikombe mezani taratibu. Alichukua kofia yake, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye mvua katikati ya majani chai. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nami nimepiga magoti pale, viganja vinameremeta mafuta, bila kujua kosa langu.

Jikoni, mama alinieleza huku akikoroga obokima, ugali wa wimbi. Alisema kwao kuna kitu kinaitwa chinsoni, ni heshima na ni haya, vyote kwa pamoja. Mke wa mtoto hagusi baba mkwe. Hamwoni kifua wazi, haingii chumba chake cha kulala, na yeye mzee haingii nyumba ya mwanawe hata kama inaungua. Ndiyo maana hakunipa mkono. Ndiyo maana hata siku ya mazishi hakunikaribia, na mimi nilikuwa nimelihesabu hilo katika makosa yake.

"Nilikuambia kuja na mafuta," mama alisema. "Sikukuambia kumshika."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamuuliza nani basi anaruhusiwa. Aliangalia sufuria, akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni yeye peke yake, lakini yeye anajua kuchuma chai, hajui kukanda watu.

Ijumaa, baada ya kupeleka majani kwenye kituo cha kuuzia chai, mama alikuja kwenye nyumba yangu kufundishwa. Nilimlaza kitandani nikamwambia asikariri kitu, ausikilize mgongo wake tu, na yote ninayomfanyia akamfanyie mzee. Nilimwonyesha kupanda kwa viganja kutoka kiunoni, pembeni mwa uti, kamwe si juu yake. Nilimwonyesha kuzungusha kidole gumba chini ya shingo, na kusubiri mtu atoe pumzi kabla ya kuendelea. Mgongo ule ulikuwa umebeba vikapu vya chai tangu usichana. Nilipofika kwenye mabega alianza kulia kwa sauti, akiita jina la mwanawe, na mimi nikaendelea kukanda kwa sababu mkono ukisimama hapo mtu huzidi kuumia. Baadaye tulibadilishana naye akajaribu kwangu. Viganja vyake vilikwaruza, lakini vidole vyake, vilivyozoea kuchagua majani mawili na chipukizi, vilijua penye kidonda kabla sijamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi minane mtu kuukanda mgongo wangu.

Jumamosi haikuwa siku ya kazi. Watu wa boma lile wanashika Sabato, na mzee ni mzee wa kanisa. Simu yake, hiyo moja ya nyumba nzima, huzimwa Ijumaa jua likizama na kuwekwa juu ya kabati mpaka Jumamosi jua lizame tena. Niliiona pale na kinyongo changu kikaamka. Osoro alikufa siku ya Sabato, saa sita mchana. Asubuhi yake nilimpigia mzee mara nne, nimesimama kwenye korido ya hospitali, na mara zote nne simu haikupatikana. Niliwahi kujiuliza ni Mungu gani anayetaka baba asipatikane wakati mwanawe anakata roho. Sikumwambia mtu. Nilikwenda nao kanisani, nikaimba, nikarudi.

Jumapili, saa tisa, mzee alikubali. Sijui mama alimwambia nini. Masharti yalikuwa kwamba yeye na mama waingie chumbani, na mimi nikae sebuleni nikielekeza. Ukuta wa chumba chao haufiki darini, kwa hiyo sauti hupita. Nilichanganya mafuta, matone matano tu ya lavenda kwenye kijiko kikubwa cha nazi, nikampa mama bakuli, nikakaa kwenye kiti nimeutazama ukuta.

Nilianza kusema: kiunoni kwanza, polepole, panda. Nilisikia kitanda kikilia na mama akipumua. Mwanzoni nilihisi wanaona haya, wazee wawili waliozaa watoto watano, kama wanafunzi waliokalishwa dawati moja. Mama alicheka kidogo, mzee akamkemea. Kisha harufu ya lavenda ilipita juu ya ukuta ikanifikia na mimi, chumba kikatulia. Nilikuwa nimefika kwenye mabega niliposikia mzee akisema kwa Kiswahili, ili nielewe.

"Mokamwana."

Ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Naam, mzee."

"Hiyo Sabato, Osoro alinipigia mara nne. Nilifungua simu jioni nikapata jina yake mara nne. Alikuwa anataka kuniambia nini?"

Kumbe ndicho kilichomkalisha kitandani usiku kucha. Miezi minane alikuwa anatafuta maneno ya mwanawe, anayapanga hivi na vile: labda aliomba maombi, labda aliomba msamaha, labda alimwita tu. Na mimi miezi hiyohiyo nilikuwa na jibu lake, nimelikalia kwa hasira bila hata kujua kwamba ni jibu.

"Hakuwa yeye, mzee," nilisema. "Ni mimi nilipiga. Nilitumia simu yake kwa sababu namba yako ilikuwa humo. Osoro alikuwa hasemi tena tangu Ijumaa asubuhi, hata mimi hakunijua. Hakukuita akakukosa."

Nilidhani atashusha pumzi. Nilidhani hapo ndipo kazi yangu imekwisha. Badala yake mzee alisema maneno mengi kwa Ekegusii, lugha yao, sauti inakatikakatika, kisha akalia. Sijawahi kusikia mwanamume wa umri ule akilia hivyo. Mama alingoja amalize, ndipo akanitafsiria kupitia ukuta.

"Anasema, kama ni wewe ulikuwa unapiga, basi ni wewe alikosa kujibu. Ulikuwa peke yako na mgonjwa wake. Anasema pole."

Nilijiinamia pale kwenye kiti nikalia mpaka kitambaa cha meza kikalowa. Tulilia watu watatu, wawili upande wao na mimi upande wangu, na hakuna aliyevuka. Kisha nikafuta uso, nikamwambia mama ashuke tena taratibu mpaka kiunoni, na amfunike mzee shuka asipigwe na baridi.

Jumatatu asubuhi niliondoka. Mama alisema mzee alilala kuanzia alasiri ile mpaka ng'ombe walipoanza kulalamika kwamba hawajakamuliwa, akaamka akidai chakula. Nilimwachia chupa ya lavenda na ile ya nazi. Mzee alisimama kwenye majani chai, mbali kama inavyompasa, akavua kofia.

Sasa niko Mombasa, na mama hunipa habari. Kuna siku mzee analala na kuna siku halali, lakini asipolala anamwamsha mama wakazungumza juu ya Osoro, jambo ambalo zamani hakuliweza. Siwezi kuwadanganya wasomaji wangu kwamba lavenda inatibu kifo cha mtoto. Inalegeza shingo, basi, na shingo ikilegea mtu anaweza kuuliza swali lililomkaba. Nilichojifunza kingine si cha kujivunia. Dawa ya yule mzee nilikuwa nayo mdomoni miezi minane, nikasafiri nayo usiku kucha na nusu siku mpaka Ikonge, nikidhani imo ndani ya chupa.