Kava la Pikipiki na Jina la Fundi Nandonde

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, nimepiga magoti uani kwetu Magomeni, ile ya hapa Mtwara, spana mkononi, nakaza kitu ambacho mtu mzima mwenye akili zake alikuwa amenikataza nisikikaze. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Leo nikipiga magoti vile siinuki mpaka nimwite mtu, lakini siku ile bado naiona yote.

Nakusimulia kwa sababu jana ulikuja hapa na furaha, ukanionyesha kwenye simu picha ya kava la mbele, la kukinga upepo, ulilolipata Dar kwa ajili ya pikipiki yako. Ukasema si la aina yake, lakini litaingia tu. Hilo neno, litaingia tu, limenikaa kifuani tangu jana. Na mimi niliwahi kulisema.

Nilikuwa nesi, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwapima wajawazito: Mahurunga, Kitaya, huko kote mpaka mtoni Ruvuma. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia pikipiki yake. Ilikuwa kubwa, kiti chake cha chini, tangi pana, usukani umetanuka kama pembe za ng'ombe. Ilitengenezwa kwa barabara ndefu za lami, siyo kwa mchanga wetu, lakini niliipenda. Wanawake waendesha pikipiki tulikuwa wa kuhesabika, na nikipita watu walitoka milangoni kunitazama. Sikatai, nilipenda kutazamwa.

Shida yake ilikuwa upepo. Pikipiki za namna ile unakaa wima, na upepo wote unaupokea kwa kifua. Mwaka ule niliugua nimonia, daktari akaniambia nitafute kinga au niache kuendesha. Nikatafuta kwa miezi. Kava la aina yake halikuwepo Mtwara nzima. Mwishowe, katika stoo ya duka moja la vipuri kule Mikindani, nikakuta kava la pikipiki ya aina nyingine kabisa. Lilikuwa na kioo kirefu na mabawa mawili mapana ya kukinga mikono. Nikalinunua, nikalipeleka kwa Fundi Nandonde.

Fundi Nandonde alikuwa mzee mfupi, Mmakonde wa Newala, mwenye gereji ya mabati kando ya barabara. Hakuwa msemaji. Kiswahili alikizungumza polepole, analitafuta kila neno kama anayechagua nati kwenye kopo. Alilipima kava kwa kamba, akakaa kwenye pikipiki, akakata usukani kulia mpaka mwisho, akakata kushoto mpaka mwisho. Kisha akashuka.

"Hili linatakiwa lishikwe na fremu," alisema. "Pikipiki yako haina pa kulishikia. Ukilifunga kwenye usukani, upepo ndio utakaoendesha. Na haya mabawa, ukikata kona kali, yatagonga tangi. Niachie wiki moja. Nitayapunguza, na nitachomelea vyuma viwili vitokee kwenye fremu."

"Mzee, Jumamosi nampeleka mama mkwe Kitaya."

"Mpeleke bila kava."

"Na kifua changu?"

"Vaa koti, binti yangu. Koti halizuii kukata kona."

Nilicheka, nikachukua kava langu, nikaondoka nalo.

Hapa inabidi nikueleze habari ya mama mkwe wangu, Mama Sabina. Tuliishi naye nyumba moja, na tangu nije pale hakupenda kuona mke wa mwanawe ametanua miguu juu ya mashine. Hakugomba, alikuwa anageuza uso tu. Wiki ile akapata habari kwamba dada yake anaumwa Kitaya. Mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu, alikuwa Masasi kwenye semina. Kwa mara ya kwanza Mama Sabina akakubali kupanda nyuma yangu. Nilitaka apande asiguswe hata na vumbi, ili akirudi aseme kwamba mkwe wake ana akili. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikalifunga kava mwenyewe kwenye usukani, kwa klempu, vile vibano vya chuma, na waya. Nikalijaribu kwenye lami iliyonyooka, upepo ukakatika kabisa. Nikajisemea kwamba Fundi Nandonde amezeeka, anaogopa kazi.

Tulikuwa tumeshaipita Mahurunga mbuzi alipokatiza. Nikakata usukani kwa nguvu. Bawa la kushoto likajibana kwenye tangi, na usukani ukakataa kurudi. Sikuwa na la kufanya. Tulianguka ubavu, pikipiki yote juu ya mguu wa Mama Sabina. Hakupiga kelele. Alilishika shati langu akasema kwa sauti ndogo, "Mama Boni, mguu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Hospitalini, alipokwisha kufungwa plasta, shemeji zangu wamemzunguka, Mama Sabina aliniuliza, "Nani alilifunga lile dude?"

Mwanangu, hapo palikuwa na nafasi ya pumzi moja. Niliwatazama wale watu ambao kila siku walisema nesi huyu atatuletea balaa, nikajibu, "Fundi Nandonde, mama."

Maneno matatu. Siku hiyohiyo shemeji yangu mkubwa akaenda gereji kumfokea yule mzee mbele ya wateja. Habari ikaenea. Walimu wakaondoa pikipiki zao pale, na watu wa bandarini wakafuata. Mimi nikawa nazunguka mtaa wa nyuma nisipite barabara ile. Nilisikia kwamba mzee hajakanusha hata neno moja. Nikajidanganya kwamba labda hajali.

Wiki ya tatu alikuja hospitali na machungwa kwenye kikapu. Alimpa pole Mama Sabina, akakaa kidogo, akaaga. Nilimfuata kwenye korido.

"Shikamoo mzee. Kwa nini hukusema kwamba si wewe?"

"Ningesema si mimi, wangeuliza ni nani." Alikiweka kikapu chini. "Yule mama amelala, na anayemwosha na kumlisha ni wewe. Nikaona asikose mguu na mkwe kwa pamoja. Nikakungoja useme mwenyewe."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Chuma kikivunjika nakichomelea, nesi," alisema. "Hili la jina langu siliwezi. Unaliweza wewe tu."

Akachukua kikapu chake akaenda zake.

Bado nilichelewa siku mbili. Mimi niliyekuwa nikiwaambia wajawazito kila wiki kwamba mficha uchi hazai, nilikuwa nimejifunika gubigubi. Jumapili, mume wangu na ndugu zake walipokuwa wamekaa kando ya kitanda, nikasema yote: kwamba mzee alinikataza, kwamba nililifunga kwa mikono yangu, kwamba nilidanganya. Shemeji yangu aliinuka akatoka. Mume wangu akatazama sakafu.

"Mguu wangu umeuvunja mara moja," alisema Mama Sabina, "na hukukusudia. Jina la yule mzee umelivunja kila siku kwa wiki tatu, na kila ulipoamka ulijua. Usianze kuniomba radhi mimi. Nenda gereji. Nenda mchana, watu wakiwepo."

Nikaenda mchana. Kulikuwa na watu kama saba. Nikasema yote mbele yao, nikarudia mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza sikusikika. Fundi Nandonde alimaliza kukaza mnyororo aliokuwa nao mkononi, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Wamesikia," alisema. Kisha akaniuliza, "Lile kava bado unalo?"

Alilitengeneza kwa wiki moja, kama alivyosema tangu mwanzo. Aliyapunguza mabawa, akachomelea vyuma vyake viwili kwenye fremu, na usukani ukakata pande zote bila kugusa kitu. Niliendesha nalo miaka mingi, na kifua changu kikapona. Mama Sabina alitembea kwa fimbo mpaka alipofariki. Hakupanda tena pikipiki, na hakunisimanga hata siku moja. Wateja wa mzee, wengine walirudi. Wengine hawakurudi kamwe, maana uongo huwafikia wengi na kukanusha kwake huwafikia wachache. Tulipomzika, nilimsikia mtu msibani akimwambia mwenzake, "Si ndiye yule fundi aliyemvunja bibi mguu?" Nikamfuata mtu yule nikamweleza. Sijui ni wangapi sikuwafikia.

Basi, mwanangu, kava la pikipiki nyingine si dhambi. Nguo ya kuazima hurekebishwa ikakaa mwilini. Lipeleke kwa fundi, mpe siku anazozitaka, na kabla hujapakia roho ya mtu nyuma yako, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Ukiambiwa ngoja, ngoja. Lakini hata ukiwa makini namna gani, iko siku utakosea, maana wewe ni mtu. Siku hiyo usitafute wa kumtwisha kosa lako. Sema ni mimi, uliseme mapema, likiwa bado neno dogo. Likikaa huota mizizi, na siku ya kuling'oa hutoka na nyama za watu wasiohusika.

Nenda, mwanangu, na Mungu akutangulie kila njia. Akujalie mafundi wakweli, na moyo wa kuwasikiliza. Wote utakaowapakia uwafikishe salama, na jina lako, na majina ya wenzio yaliyo mdomoni mwako, yabaki mazima. Amina.