Salamu Zinazomaliza Kadi

Wewe unayesoma, ukimpigia simu kaka yako mkubwa, unasalimia watu wangapi kabla hujafika kwenye haja?

Bi Mwanaasha Faraji wa Keko anasalimia nyumba nzima. Anaanza na shikamoo ya kaka, anakwenda kwa wifi, anateremka kwa watoto, anamjulia hali jirani mwenye mguu unaouma. Akifika kwenye mguu wa jirani, kadi imekwisha.

Asubuhi hii yuko barazani kwake, anageuza vitumbua kwa kijiti. Mchele ameuloweka tangu jana, iliki ameitwanga mwenyewe, maana ya dukani haina harufu. Ana miaka sitini na moja, na vitumbua hivi ndivyo vilivyomlea tangu mumewe afariki, miaka tisa sasa.

"Kadi moja ya simu ni mauzo ya asubuhi nzima," anasema, huku akiumwaga uji wa mchele kwenye mafuta. "Ninaila yote kwa shikamoo. Watu wananicheka, na mie najicheka."

Haja yenyewe si siri tena hapa Keko. Ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya Mzee Mwinjuma, kuna kitanda cha mninga kilichowekwa nje tangu masika. Kila mteja anayeuliza bei anajibiwa, "Hicho kina mwenyewe." Mwenyewe ni Bi Mwanaasha. Mzee Mwinjuma, seremala aliyefiwa na mkewe, amemtamkia kwamba anataka kumuoa, na angependa ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani. Shaabani ndiyo hii imeshaingia.

Ila baba yake Bi Mwanaasha hayupo duniani. Wa kumuozesha ni kaka yake, Mwishehe, anayekaa Tanga. Mshenga yuko tayari kwenda, lakini Bi Mwanaasha amemzuia. Hataki kaka yake ashtukizwe na mgeni mlangoni.

"Kwa nini usimwandikie barua?" anaulizwa.

"Barua zake anasomewa na mjukuu," anajibu, akifunika uso kwa pembe ya khanga. "Posa yangu mie isomwe na mtoto wa darasa la nne? Tobaa!"

Ndipo akaenda kwa Demetria.

Demetria alikuwa opereta wa simu kwenye kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Vilipoanza kuonekana vibanda vya simu za kadi, aliona wazee wanavizunguka kama kuku anayekizunguka chungu chenye mfuniko. Akawakusanya wenzake wachache, wakaanzisha kikundi cha Tufundishane. Wanakutana Jumanne kwenye ukumbi wa tawi la chama, wazee kumi na wanne, na wanajifunza kuingiza kadi, kubonyeza namba, na kusoma yuniti kwenye kioo kidogo cha simu.

Simu ya kujifunzia ni ya mti. Aliichonga Mzee Mwinjuma, na vitufe vyake vinabonyea kweli.

Kumkosoa mzee mbele ya watu ni kazi ngumu. Demetria ni Mnyamwezi wa Tabora, na wanafunzi wake wengi ni Wazaramo. Hao ni watani. Neno ambalo kwa mwingine lingekuwa tusi, kwake ni kicheko.

"Nyie Wazaramo, salamu zenu ndefu kuliko reli ya kwetu!" anamwambia Bi Mwanaasha darasani. "Mpaka mfike stesheni, abiria wameshazeeka."

"Mnyamwezi wewe, babu zenu walifika pwani na mizigo kichwani, sie tukawapa maji," Bi Mwanaasha anamrudishia. "Leo unanifundisha kuongea na kaka yangu?"

"Nakufundisha kunyamaza, mtani. Kuongea unakujua."

Kwenye simu ya mti Bi Mwanaasha hakosei. Demetria anajifanya kaka, naye anatoa haja yake yote, wazi kabisa. Kwenye simu ya kweli, sauti ya Mwishehe ikisema tu "hallo", ulimi unarudi kwenye salamu.

"Nilidhani ni mazoea," anasema Demetria, aliyekuja kukaa naye barazani. "Kumbe na aibu imo. Anajificha humo kwenye shikamoo."

Bi Mwanaasha anaepua kitumbua. "Si uongo," anasema.

Dawa aliipata Demetria. Salamu zipelekwe na barua, haja ibebwe na simu. Wiki iliyopita waliandika kurasa mbili za salamu tupu, wifi na watoto na mguu wa jirani, wala posa haikutajwa. Mjukuu asome mpaka achoke.

Sasa ni Ijumaa, na watu wametoka msikitini. Kaka Mwishehe, kama kawaida yao, anasubiri kwenye duka lenye simu huko Tanga. Bi Mwanaasha amevaa khanga mpya. Amesema akiolewa ataihamishia meza ya vitumbua mbele ya karakana, mafundi wavile vikiwa vya moto. Mzee Mwinjuma amesimama mbali, anakagua mguu wa kiti usio na kasoro.

Kadi inaingia. Namba zinabonyezwa, moja moja.

"Mwanaasha!" sauti inasikika hata nje ya kibanda. "Barua nimeipata, salamu zote zimefika! Wifi yako anakujibu, watoto wanakujibu, na yule jirani, mguu wake sasa…"

Demetria anashika kichwa. Hakuna aliyewaza kwamba salamu zina majibu.

Yuniti zinateremka. Kaka yuko kwenye mguu, anaelezea dawa ya mguu. Bi Mwanaasha hajawahi kumkatiza kaka yake maishani. Anatazama kioo, anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kitanda cha mninga. Anaikamata simu kwa mikono miwili.

"Kaka, nakukata kalima, unisamehe," anasema. "Nimeposwa. Na mie namtaka. Njoo uniozeshe."