Harufu ya Keki Isiyokuwepo

Wiki iliyopita nilifungua sabuni niliyopewa zawadi kazini, na harufu ya lozi ikanijaa puani. Nilicheka peke yangu bafuni hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Sikuweza kumweleza kwa kifupi. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa mtaa wa Musaga. Mama alitengeneza sabuni za mawese na kuziuza soko la Jabe. Mawese yana harufu nzito, kwa hiyo alinunua kwa Bi Zuhura, mwenye duka la manukato, kichupa cha mafuta makali ya lozi, kidogo kama kidole gumba. Matone mawili matatu yalitosha beseni zima. Bi Zuhura alimwonya nikiwa nimesimama pale pale: "Apana onja hii, mama. Na ikigusa mukono bila kuchanganya, itakuunguza. Ni ya kunusa tu." Tangu siku hiyo kichupa kilikaa juu ya kabati, nami nikakiogopa kama sanamu ya kanisani.

Kisha ikafika Jumamosi ya posa ya dada yangu, Esperansi. Wazee wa upande wa Deo, mchumba wake, wangekuja saa nane mchana. Saa sita jirani yetu akaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, gunia zima, upande ule ule unakotokea upepo. Nyumba ikanuka kama soko la samaki. Dada akakaa kitandani na gauni lake jipya, akilia: "Watasema ni mi nanuka."

Mtoto wa miaka tisa hawezi kuhamisha ndagala wa jirani, lakini anaweza kupanda kiti. Nilimimina kichupa chote kwenye ndoo ya maji, nikapiga deki sebule, nikapangusa viti, na maji yaliyobaki nikayanyunyizia mapazia. Macho yaliniwasha, vidole vikawaka moto, lakini ndagala walishindwa kabisa.

Wageni wakaingia. Msemaji wao, Mzee Melkiori, mtu wa tumbo na sauti, alisimama kuanza hotuba, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akatabasamu. Kwetu msemaji wa posa huzunguka kabla hajataja kilichomleta, lakini huyu alizunguka hadi watu wakachoka. Alisifu mvua, akasifu ng'ombe, akasifu hata mabati yetu. Kila akikaribia jina la dada, alichungulia mlango wa jikoni, akaanza upya. Wenzake nao waliyakataa maharage na ndizi kwa adabu, wakisema wanaacha nafasi. Mama alidhani wamebadili mawazo. Nyuma ya pazia, dada alinibana mkono hadi ukauma.

Mwishowe Papa, baba yangu, akauliza, "Mzee, kuna kitu inawasumbua?"

Mzee Melkiori akashusha sauti. "Bwana, tusifichane. Tangu tuingie tunasikia harufu ya gato. Mi siwezi kuomba binti ya watu na huku akili yangu yote iko mu gato. Muilete kwanza."

"Gato gani?" Papa akauliza. Gato kwetu ni keki, na keki za mjini hunukia lozi.

Wote wakamtazama Mama. Mama akanitazama mimi, pale nilipochungulia kando ya pazia, vidole vyangu vikiwa vyekundu kama nyanya. Nikajitokeza.

"Apana gato," nikasema. "Ni mafuta ya sabuni. Nilipiga nayo deki, sababu ya ndagala."

Mzee Melkiori alinitazama, akatazama sakafu, kisha akacheka hadi ikabidi akae. Chumba kizima kikaangua kicheko. "Watu wanaoosha nyumba hivi," akasema akifuta machozi, "mi sitoki hapa bila binti yao." Akatoa posa kwa sentensi moja, Papa akajibu kwa neno moja, na maharage yakaliwa yakaisha.

Mama hakunipiga. Aliniosha mikono kwa maji mengi, akirudia, "We mutoto, we mutoto," mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Miezi michache baadaye dada alihamia Kigobe kwa mumewe. Shuleni nilijigamba kwamba mimi ndiye niliyemwoza. Lakini jioni ya kwanza bila yeye nilimwekea sahani mezani kama kawaida, na Mama akaiondoa taratibu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini Papa, mtu wa maneno mengi siku zote, alikubali posa kwa neno moja tu. La pili lisingetoka bila machozi.