Viazi Vililala na Joto, Watu Wakalala na Makoti

Saa moja asubuhi, jua halijapanda juu ya mto, Corinne Daigle amelala chali chini ya nyumba ya mzee Fernand Levasseur. Kinachoonekana ni viatu vyake tu. Tochi iko kichwani, mdomo umefungwa kitambaa, na mikono inasukuma pamba ya kuzuia baridi kwenye nyufa za sakafu.

Nje, mzee mwenyewe anapanga matawi ya misonobari kuuzunguka msingi wa nyumba ili kuukinga na upepo, kama walivyofanya babu zake kila Novemba kabla theluji haijakaa. Kijiji chote cha Saint-Odilon kiko kwenye shughuli hiyo wiki hii. Wenye mashamba ya viazi wanatumia marobota ya nyasi kavu, wasio nayo wanakwenda msituni na shoka.

"Binti, toka huko unywe kahawa," mzee anainama na kuita. "Au kuna mume unamtafuta huko chini?"

"Niliyenaye ananitosha," inajibu sauti kutoka chini ya sakafu. "Natafuta panya wako. Wamekula pamba yote ya mwaka juzi."

Anatoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Ana miaka hamsini na mmoja, mabega mapana, na hasira ambayo hajisumbui kuificha. Kijiji kizima kinaijua hasira hiyo, na tangu Jumamosi iliyopita wanaijua hata wakubwa wa makao makuu ya jimbo, walio mwendo wa saa tano kusini.

Corinne ni fundi katika mpango wa wakala wa nishati wa jimbo, unaoziba nyumba za wasiojiweza ili joto lisivuje. Analipwa dola ishirini na moja kwa saa. Theluji inapoyeyuka na barabara kugeuka tope, hakuna kazi na hakuna malipo. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na magoti yake yanamwambia hivyo kila anapopanda ngazi.

"Kazi yenyewe naipenda," anasema akishika kikombe kwa mikono miwili. "Unamkuta bibi amevaa kofia jikoni kwake, unamwacha kaivua. Wanaonituma ndio wanaonishinda."

Kisa chenyewe ni cha jiko. Ukumbi wa parokia ya Saint-Odilon ulikuwa na jiko la kuni la chuma, refu kama jeneza, lililokuwapo tangu wakati wa bibi zao. Dhoruba ikikata umeme, watu walijua pa kwenda. Aliyekuja alibeba blanketi na gogo moja la kuni, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Miaka miwili iliyopita wakala ulikuja na neema yake. Ukumbi ungepewa mashine mpya za umeme za kupasha joto, karibu bure, na ungeandikwa kwenye mpango wa dharura wa jimbo kuwa kimbilio rasmi la bonde hili. Sharti lilikuwa moja tu: chanzo cha zamani cha joto kiondolewe kabisa na tundu la bomba la moshi lizibwe. Moshi wa kuni, walisema, haulingani na malengo ya jimbo.

Watu waliuliza, na ni haki yao kuuliza, umeme ukikatika itakuwaje. Wakajibiwa kuwa itakuja jenereta. Jenereta ilikuwa imeshanunuliwa na iko ghalani makao makuu, ikisubiri kuombwa.

Waliolitoa jiko ni Corinne na wenzake. Tundu la paa aliliziba yeye mwenyewe kwa pamba na bati. Kwa desturi ya huku jiko halitupwi wala haliuzwi, hupewa jirani. Kwa hiyo Réginald Guerrette, mkulima, alilivuta kwa trekta hadi kwenye ghala lake la viazi vya mbegu nje ya kijiji. Siku hiyo walipiga fidla na kucheza, kama wanavyofanya watu wa bonde hata kwa jambo ambalo walipaswa kulilia.

Januari iliyopita ikaja mvua ya barafu. Nyaya zilikatika, miti ikaanguka barabarani, na wazee wakaletwa kwenye kimbilio rasmi wakiwa na mablanketi yao. Wengine, kwa mazoea, walikuja na gogo la kuni mkononi. Wakasimama nalo katikati ya ukumbi, hawana pa kulitia.

Jenereta haikuja. Ilitakiwa iombwe kwa mtandao, na mtandao ulikuwa umekufa pamoja na umeme. Barabara ya kwenda kwa Réginald ilikuwa imezibwa na miti. Huko ghalani, Réginald alikesha akichochea jiko la parokia ili mbegu zake zisigande, bila kujua kijijini kuna nini.

Watu walilala ukumbini siku nne. Mama yake Corinne, Bi Laurette, mwenye miaka themanini na mbili, alitoka hapo na homa ya mapafu na kulazwa hadi theluji ilipoyeyuka.

"Viazi vya Réginald vililala na joto," anasema Corinne. "Mama yangu alilala na koti, chini ya tundu nililoliziba kwa mikono yangu."

Bi Laurette alipona, lakini akaapa hatauvuka tena mlango wa ukumbi ule. Safari nyingine, alisema, watamkuta kitandani kwake, awe hai au asiwe. Anaishi peke yake, nyumba yake hupata joto kwa umeme tu, na hataki kuhamia kwa mtu yeyote. Hilo ndilo linalomnyima Corinne usingizi, na baridi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Jumamosi iliyopita wakala ulirudi, safari hii kwa zoezi la utayari. Walileta vitanda vya kukunja, vikoti vya rangi ya chungwa na mabango. Kiongozi wao, Trevor Haskins, kijana mpole mwenye viatu safi, aliwaomba wanakijiji waje ukumbini na kujifanya wamepatwa na dhoruba. Wanawake wa parokia walikuwa wakikaanga ploye, chapati zao za maji za unga wa ngano nyeusi, kwenye bamba la umeme. Ukumbi ulikuwa na joto zuri.

Haskins akasoma karatasi yake: dhoruba imepiga, umeme umekatika bonde zima. Kisha akawaelekeza watu kwenye vitanda, na taa zinawaka juu ya kichwa chake, mashine zinavuma ukutani.

Corinne alikwenda pembeni, akafungua sanduku la umeme, akashusha swichi kuu.

Haskins alicheka kidogo, akidhani ni utani wa bondeni. Akaomba umeme urudishwe waendelee.

"Si umesema umekatika?" Corinne akamjibu. "Basi tuendelee."

Mtunza ukumbi, Onias Cyr, akavuta kiti na kukaa mbele ya sanduku lile, akakunja mikono. Hakuna aliyenyanyuka. Ploye zilibaki mbichi kwenye bamba. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha ndoo, na kabla ya saa moja kwisha pumzi za watu zilikuwa zinaonekana.

Haskins akauliza, kwa adabu, zoezi hili litachukua muda gani. Aliyemjibu ni Bi Laurette, aliyekuwa amesimama kizingitini na fimbo yake, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alikuwa amesikia habari na kuja kujionea.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Sisi tulikaa siku nne."

Hakukaa. Alitoka na wenzake, wakaingia kwenye gari lao, wakawasha injini wapate joto. Ukumbi mzima uliwaona dirishani, wamekumbatia vikombe vya kahawa, vioo vikiwafanyia ukungu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa hata kukikalia kulikuwa kumewashinda.

Inakera. Inakera zaidi kwa kuwa hawakuwa watu wabaya. Walishukuru kwa ukarimu, wakaacha mabango, na ukutani wakabandika cheti kinachosema ukumbi wa Saint-Odilon uko tayari kwa dharura.

Alipoulizwa kwa simu siku mbili baadaye, Haskins alisema zoezi lilikuwa na mafanikio na maoni ya wanajamii yamepokelewa. Kuhusu jiko, sharti liko palepale: likirudi, ukumbi utafutwa kwenye mpango na mashine zitadaiwa. Kuhusu fundi anayelipwa na mpango huohuo kisha akaziba au akazibua kinyume cha masharti, alisema ni suala la utumishi.

Corinne anaisikia habari hiyo huku akisuuza kikombe cha mzee Fernand.

"Wanifukuze," anasema. "Nimeshawazibia nyumba za kutosha. Ila ukimwambia mtu ana pa kukimbilia, halafu hana, bora ungenyamaza. Angekwenda kwingine."

Mpango wake haujaandikwa popote. Keshokutwa, ardhi ikiwa imeganda na theluji haijakaa, Réginald atalivuta jiko kulirudisha. Viazi, amesema, ataviweka chini ya nyumba yake na kuvifunika mablanketi, navyo vionje. Mzee Fernand na wenziwe watalibeba kuliingiza ndani. Kupanda juu ya paa na kung'oa bati lile, Corinne amekataa kumwachia mtu mwingine.

Je, mama yake atakubali kurudi ukumbini? Corinne anavaa tena kitambaa mdomoni, kisha anakishusha kidogo ili ajibu.

"Nilimuuliza jana. Akasema nisimpigie simu wala nisimtumie mtu wa kumbembeleza. Dirisha la jikoni kwake linaona paa la ukumbi. Atakaa hapo aangalie. Akiona moshi, atakuja na gogo lake."

Anawasha tochi, anapiga magoti, na kurudi chini ya nyumba.