Mikono ya Sokoro kule Ikonge

Tuliondoka nyumbani kwa sababu Mama hawezi kumshika mkono baba mkwe wake. Kama wewe si Mgusii, utadhani ni ugomvi. Kama ni Mgusii, umeshaanza kucheka.

Mama ni mwenyekiti wa chama cha walimu wa gofu wa Kisii na Nyamira, yaani watu wanaofundisha wenzao kupiga mpira mdogo kwa fimbo ndefu, halafu kuutafuta shambani mwa chai hadi chakula kipoe. Alipochaguliwa alileta kanuni moja: kila mwalimu apimwe na mwenyekiti, asahihishwe kwa mkono, kidole kwa kidole, ndipo abaki kuwa mwanachama. Wote walikuwa wamepimwa isipokuwa mzee Nyang'au wa Ikonge, mdogo wake marehemu babu yangu. Huyo kwa Mama ni baba mkwe kamili. Na kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe wala hamkosoi. Tunaiita ensoni, heshima iliyochanganyika na haya.

Walimu wa Nyamira waliona Mama anamkingia kifua mtu wa nyumbani. Wakatangaza kwamba mzee asipopimwa kabla ya mkutano mkuu, wanajitoa na kuanzisha chama chao. Na chama kikigawanyika, mashindano ya watoto yanakufa, maana hakuna upande wenye fimbo za kutosha.

Jumapili asubuhi, nyumbani kwetu Nyanchwa. Sabato yetu ya Jumamosi ilikuwa imepita, kwa hivyo hatukuwa na kisingizio. Nilipakia fimbo kwenye Probox ya Mama.

"Na mimi naenda kufanya nini huko?"

"Kubeba fimbo, Ombati. Na kunyamaza."

Kazi ya kwanza niliiweza.

Tulipofika Ekerenyo tulimchukua Mwalimu Mokaya, msemaji wa wale waliokasirika. Mama alikuwa amemwomba aje ashuhudie. Aliingia na kofia nyeupe na mkungu wa ndizi, akakaa mbele kama mbunge.

"Mwenyekiti, mimi na wewe hatuna shida. Shida ni mtu wenu."

"Nimekusikia, Mwalimu."

"Ulipokuwa ukinipima mimi, ulinikunja vidole hadi nikakuota usiku! Mpime na yeye hivyo hivyo, na mimi nitasimama mkutanoni nikutetee."

Nilicheka. Macho ya Mama yakanipata kwenye kioo, nikageuza kicheko kuwa kikohozi.

Kutoka hapo hadi Ikonge midomo ya Mama ilikuwa ikicheza bila sauti, kama yangu kabla ya mtihani wa hesabu.

"Mama, unakariri nini?"

"Namna ya kumwambia mzee kwamba amekosea."

Ikonge. Mzee Nyang'au anafundishia kwenye uwanja wa shule ulioinama vibaya, chai pande tatu, na shimo la gofu ni mkebe wa mafuta ya kupikia uliofukiwa ardhini. Mama alisimama mbali, akasalimia huku akiangalia nyasi. "Bwakire buya, Tata." Mzee akaitikia huku akiangalia mawingu. Ungedhani kila mmoja amepoteza kitu mahali tofauti.

Kisha watoto wakaanza kupiga, na hata mimi nisiyejua gofu niliona kasoro. Wote walishika fimbo kama jembe, mikono imeachana, migongo imepinda. Mzee naye akapiga. Jembe hilohilo!

"Unaona?" Mokaya akanong'ona. "Kosa limeshaambukiza."

"Naona," Mama akasema. "Hawezi kupita hivyo." Akapiga hatua, kisha akasimama ghafla kama aliyefikia seng'enge. Mzee naye akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.

"Mwenyekiti, mshike basi!"

"Nisaidie, Mwalimu. Mshike wewe."

Mokaya akakaza kofia na kusonga mbele kwa madaha. Mzee akamkazia macho. "Wewe ni wa nani?"

Mokaya akamtaja baba yake. Mzee akacheka hadi akaegemea fimbo. "Mimi na baba yako tulitahiriwa msimu mmoja, tukauguzwa nyumba moja! Haya mwanangu, njoo unifundishe."

Kofia ikavuliwa. Rika la baba yako ni baba yako, na ensoni haichagui msemaji. Mokaya alirudi kwetu mdogo kuliko alivyoondoka.

Sasa kosa lilikuwa pale wazi, na hakuna wa kuligusa. Nikakumbuka kwamba babu na mjukuu kwetu ni wenzi wa utani. Mimi na mzee huyu, ambaye kwangu naye ni Sokoro, yaani babu, tunatukanana tangu nianze kuongea. Sikuomba ruhusa.

"Sokoro, hiyo ni gofu au unapalilia mahindi?"

Watoto wakaangua kicheko.

"Nyamaza wewe, kichwa kama boga!"

"Lete hapa hiyo mikono. Inanuka ng'ombe."

Nilimshika. Hapo nikakumbuka sijui kinachofuata. Nyuma yangu nikasikia Mama, macho kwenye chai, akiongea nami peke yangu: "Ombati, kiganja cha kulia kifunike gumba la kushoto."

"Sokoro, funika hilo gumba kabla mwewe hajalibeba!"

"Magoti yalegee."

"Legeza magoti, hapa si kanisani!"

Mama alisema kwa upole, mimi nikatafsiri kwa matusi, mzee akafuata huku akinitukana, na watoto wakamwiga. Mara kadhaa alikwangua nyasi tu. Kisha mpira ukaruka juu, mweupe, ukapita chai yote ya jirani. Mzee akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Huo umepita," Mama akasema. Ninaamini alimaanisha mpira na mzee pia.

Tukirudi, Mokaya alikaa nyuma na mimi. Alipokuwa akishuka Ekerenyo aliacha ndizi zote garini. "Mwenyekiti, nimeona mkono umebadilika. Nitasema hivyo. Lakini kanuni yako irekebishwe. Mtu ashikwe na anayeweza kumshika, wewe ukiangalia."

"Ndiyo maana ninawahitaji ndani ya chama," Mama akamjibu.

Nilidhani kuongoza ni kuwa na mkono unaofika kila mahali. Siku ile Mama aliongoza akiwa ameufunga wake nyuma, kwa kujua ni mkono wa nani unaofika.

Mkutanoni Mokaya alisimama kama alivyoahidi, kanuni ikarekebishwa, na hakuna aliyejitoa. Kisha mtu akauliza nani atawashika wazee wengine waliorudia mazoea ya jembe. Mama akaninyooshea kidole. Wazee wote wakageuka, mikono imeshafichwa mgongoni, na mimi, mdomo ukiwa umejaa ndizi ya Mokaya, nikapangusa vidole.