Nyayo Nyeusi za Baba Nakijwa

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya udongo pale Same, Mkuu wa Maabara hakunipa hata kiti. Alinipa chupa ya udongo uliokorogwa kwa maji ya magadi, maji meusi kama kahawa ya msibani.

"Hizo ni asidi za mboji," alisema. "Zinatokana na majani na mizizi iliyooza. Magadi huziyeyusha zikatoka udongoni. Sasa tia jasi, unga ule mweupe wa mawe."

Nikatia. Weusi ukagandamana vipande vipande, ukazama, maji yakatakata. Chupa nyingine akaitia asidi kidogo na spiriti nyingi, nayo ikafanya vilevile. Nilijiona mganga.

Nilihamishiwa Mwanga, kisha nikarudishwa Same nikiwa fundi sanifu mwandamizi, cheo kirefu kuliko koti langu la kazi. Ndipo tukaitwa tambarare, chini ya milima, kwa mjane aitwaye Mama Nakijwa.

Tangu mumewe azikwe, kila maji ya kumwagilia yalipokauka, nyayo nyeusi zilijitokeza shambani. Zilikuwa za mtu mzima, peku, kutoka kisimani hadi mlangoni kwa mjane. Za kurudi hazikuwepo. Shemeji zake walisema marehemu amekasirika, mama aondoke shamba libaki kwa ukoo. Mimi nilicheka njia nzima. Nilipoziona, nywele zilinisimama: katika kila unyayo wa kushoto, kidole gumba kilipinda.

"Shikamoo, mama. Baba alikuwa na kidole hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Alikanyagwa na ng'ombe."

Mkuu alipima maji ya kisima, akakuta magadi mengi mno. Akawaita mashemeji.

"Marehemu alibeba ndoo kutoka kisimani mara ya mwisho, tope likashika nyayo zake, likakauka," aliwaeleza. "Hakuna aliyethubutu kupita hapo, ndiyo maana zipo. Maji yakituama humo, magadi yanatoa weusi wa mboji, jua linaukausha juu. Shamba linaumwa chumvi. Litiwe jasi ya Makanya, lilimwe, lioshwe na mvua."

Akawatilia jasi kwenye chupa ya maji yale meusi. Shemeji mkubwa aliitazama ikisafika mpaka chini.

"Basi, shemeji abaki," alisema. Akaondoka kwa kuzunguka mbali, asikanyage unyayo hata mmoja.

Jasi ilipofika tulianzia pembeni, tukabakiza mstari ule. Nilipoinua jembe, Mama Nakijwa akanizuia.

"Hapo ningoje kwanza."

Akavua ndala. Akaweka mguu ndani ya unyayo wa kwanza, pale kisimani, akafuata mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza kama anayejibu maswali. Mlangoni akajibanza kando, akasubiri, kama ampishavyo mtu mwenye mzigo. Kisha akaingia, akafunga.

"Mwageni sasa," alisema kwa ndani. "Tumeshaingia."

Mkuu, msomi wa watu, alishika mfuko wa jasi mwenyewe. Tulimwaga, tukalima, na nyayo hazikuonekana tena.

Nimestaafu. Vijana wa maabara wakiniuliza habari za magadi na jasi nawaeleza mpaka wanachoka, maana hayo nayajua na nayaamini. Nikipita lile shamba likiwa kijani, hufurahi kwamba mama hakufukuzwa. Humsalimu, naye hunikaribisha ndani kwa uchangamfu. Naogopa, nasema wazi. Mpaka leo huagia pale pale mlangoni.