Kifundo Kilichokataa Salamu

Watu wa kwetu husalimiana kwa mkono, tena si ule wa kugusana vidole kama watu wanaoogopana. Mkono hushikwa, ukatikiswa, ukashikiliwa mpaka habari za nyumbani ziishe. Ukimnyima mtu mkono wako umeshamwambia kila kitu, huna haja ya kufungua mdomo. Ndiyo maana nasema kifundo changu cha mkono kilikaribia kunimalizia undugu na dada yangu.

Mimi ni mpika chapati, hapa Manyatta, Kisumu. Ijumaa moja niliteleza uani nikiwa nimebeba karai la unga uliokandwa. Unga niliuokoa, mwenyewe nikatua kwa kiganja cha kulia. Kufikia jioni kifundo kilikuwa kimeumuka kama andazi, na kushika hata kikombe sikuweza.

Daktari wa kliniki alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Alibonyeza mfupa mmoja mmoja, hasa pale chini ya kidole gumba, akaagiza picha, kisha akaniambia nimshukuru Mungu, hakuna kilichovunjika. Nilikuwa nimeteguka: zile nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa zilivutwa kupita kiasi. Nikamuuliza, basi yale maumivu ninayoyapata kila nikikanda unga mwingi ni nini? Akasema hayo ni msuli uliochoka, ni ndugu wa haya lakini si haya. Akanipa masharti: barafu iliyofungwa kwa kitambaa, bandeji ya kuvutika, mkono ulale juu ya mto, na siku hizi za mwanzo nisichue wala nisitie maji moto, maana uvimbe utazidi.

"Hata kama anayetaka kukuchua ni nyanya yako," alisema, "mwambie angoje."

Nilimpenda kwa neno hilo. Sikujua litanitia taabuni.

Jumapili tulikuwa na ubatizo wa mjukuu wa kaka yetu huko Kombewa. Nilijua dada yangu mkubwa, anayekausha omena, wale dagaa wa ziwani, kule Usenge, atakuja. Tulikuwa hatujasemezana tangu mazishi ya mama. Siku ile alisimama mbele ya waombolezaji akawashukuru "wageni wetu waliotoka Kisumu", macho yake yakiwa kwangu. Mgeni! Kwa mama yangu mzazi! Ni kweli yeye ndiye aliyemwosha na kumlisha mama mpaka mwisho, mimi nikija na kurudi. Lakini neno lile lilinichoma, na hasira zangu ni moto wa pumba: haziwaki, ila hazizimiki upesi.

Asubuhi hiyo nilijaribu kufunga bandeji, ikanishinda, nikaiacha kwenye mkoba na kuvaa gauni la mikono mirefu. Katikati ya ibada pasta akasema tupeane amani. Watu wakasimama, wakaanza kushikana mikono, na mara nikamwona dada yangu anatoka kwenye benchi lake na kuvuka kanisa zima kunijia. Jamaa wakageuza shingo kututazama. Nilitaka afike, wacha nikiri; nilikuwa nimechoka kununa.

Akanyoosha mkono, nikampa wangu. Ule ni mkono uliobeba ndoo za omena tangu usichana, haujui kushika kidogo. Maumivu yalinipanda hadi begani, nikauchomoa mkono kabla hata sijafikiri, na uso wangu, naambiwa, ulikuwa wa mtu aliyelambishwa shubiri.

"Sawa," alisema, polepole. Akageuka. Wimbo wa mwisho ulipoanza hakuwepo tena kanisani.

Nilimweleza mke wa kaka yangu habari ya kifundo. Akaniambia yeye anaamini, lakini si yeye aliyenyang'anywa mkono mbele ya watu. Nilipiga simu jioni nzima, dada hakushika. Usiku sikulala, si kwa maumivu. Niliogopa kwamba safari hii amani imekufa kabisa, na kwamba mmoja wetu atamzika mwenzake bila kusemezana.

Asubuhi nikaenda Usenge. Nilimkuta ameinama, anatandaza omena kwenye nyavu. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kununua?" aliniuliza.

"Nimekuja kukuonyesha mkono."

Nikavuta mkono wa gauni juu. Uvimbe ulikuwa umeshuka hadi mgongo wa kiganja na ngozi imeingia rangi ya zambarau. Akainua kichwa.

"Hii ndio ulinipea jana?"

"Ndiyo hii."

"Na unanyamaza tu? Wewe nyamera, uko na kichwa ya aina gani?"

Aliponiita nyamera, yaani dada yangu kwa Kijaluo, nilipumua. Akajifuta mikono, akanivuta ndani, akabandika maji, akatafuta mafuta. Alisema atanikanda hapo hapo na kesho nitasukuma chapati. Ni yeye aliyemkanda mama miguu miaka yote ile; hicho ndicho alichokuwa nacho cha kunipa. Nami ikabidi nimwambie kwamba daktari amekataza, si maji moto, si kuchua, si sasa.

Uso wake ukajifunga.

"Basi mkono yangu ndio mbaya. Kanisani mbaya, hapa pia mbaya."

"Si mbaya!" nilipiga kelele, machozi yakinitoka. "Daktari anataka nifungwe bandeji, na mtu hawezi kujifunga mkono wake wa kulia. Nimekuwa nikijifunga na meno. Inalegea. Ndiyo maana jana nilikuja bila."

"Kwa nyumba hakuna mtu wa kukufunga?"

"Watoto wote wako Nairobi. Niko peke yangu."

Nikaitoa bandeji mkobani. Aliitazama, akaipua sufuria ya maji motoni.

"Nionyeshe."

Nikamwelekeza: aanze karibu na vidole, aache gumba huru, ashuke kifundoni, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Mara ya kwanza alikaza mno, vidole vikaanza kufa ganzi. Akaifungua yote, akaanza upya bila kulalamika. Nilimwambia abonyeze kucha zangu aone kama damu inarudi upesi. Akabonyeza moja moja, zote tano, kwa makini.

Alikuwa anamalizia alipoanza kusema, macho kwenye bandeji.

"Mama alikuwa anakuuliza kila jioni. Ukikuja, anaamka, anacheka, anataka chai. Ukienda, analala anaangalia ukuta. Mimi niko hapo tu, kila siku, hanicheki hata siku moja. Mgeni ndio hufurahiwa. Ndio maana nilikuita hivyo."

Nilikuwa nimebeba neno lile nikidhani ni tusi, kumbe lilikuwa wivu wake na upweke wake. Nilimwambia pole, nikaona pole yenyewe ni ndogo, nikalia.

Aliniacha nilie. Kisha akasimama mbele yangu na kuninyooshea mkono wake wa kushoto, ule ambao kwetu ni matusi kumsalimia mtu nao.

"Haya, leta hiyo nzima," alisema, "na ukiichomoa tena nitakuchapa."